Nilibomoa Choo cha Mama Mkwe

Jamani, nimekosa. Sitaki kuzunguka, maana hata nikizunguka tutafika pale pale: nilibomoa choo cha mama mkwe wangu kwa mikono yangu mwenyewe, tena huku napiga mluzi. Jina langu mliache. Hapa Nemba nimeshapewa jingine, na mkisoma mtajua kwa nini.

Mimi ni fundi bomba. Wazazi wangu ni Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, mimi nikaikimbia fimbo ya kuchunga nikashika spana. Kutwa nafunga masinki na simtanki za watu Biharamulo mjini, na nikipumzika nawasha simu naangalia vyoo. Ndiyo, vyoo! Wenzangu wanaangalia mpira.

Nimeviona vya dunia nzima. Nimeona bafu la kioo kitupu ghorofani, mtu anaoga huku anautazama mji, akigusa kitufe kioo kinageuka cheupe kama maziwa. Nimeona tenki la choo lenye samaki wanaoogelea, wamezoea mambo yetu hadi hawageuki kutazama. Nimeona sinki lililokaa juu ya tenki la choo, ukinawa mikono maji yale yale yanashuka kuwa ya kuflashi. Hilo nililipigia makofi nikiwa peke yangu chini ya mwembe wa saiti, kibarua akadhani nimeshinda bahati nasibu.

Lakini kilichoniroga ni kiti cha Kijapani. Ukikaribia, mfuniko unainuka wenyewe. Ukikaa, panapokaliwa pana joto. Kinaimba sauti ya ndege ili mtu wa nje asisikie shughuli zako, na ukimaliza kinakuosha na kukukausha. Nikasema nisipokuwa nacho hiki, ufundi wangu ni bure.

Mfanyabiashara mmoja wa Kahama anayeleta vitu vilivyotumika kutoka nje akanipatia. Kilikuja na rimoti yenye vitufe kumi na viwili, vyote vina vipicha na herufi za kwao. Sikusoma hata moja. Nikajifunza kwa kubonyeza na kulowa.

Sasa sikilizeni kosa lilipo. Uani kwangu kulikuwa na vyoo viwili vya shimo, kimoja chetu na kingine kilichoezekwa nyasi, nyuma ya migomba, cha wakwe wakija kututembelea. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawachangii choo. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na mambo ya haja ndiyo kabisa, hatakiwi hata mmoja kujua mwenzake amekwenda. Hilo nalijua tangu sijaota meno. Nikakifunga kiti changu ndani ya nyumba, nikavibomoa vyote viwili, nikafukia mashimo, nikapanda maboga.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, mimba yetu ya kwanza, na mama yake alikuwa anakuja kutoka upande wa Lukole kumsaidia kujifungua. Akaniuliza kwa upole, "Na mama atajisaidia wapi?"

Nikamjibu kwamba hapo hapo kwenye raha. Kiti kinajiosha chenyewe, hakina mwenyewe, kila anayekaa anakikuta kipya.

Akaniangalia sana. "Kiti kinajiosha," akasema. "Ukwe haujioshi."

Nikacheka! Mungu anisamehe, nilicheka.

Wiki ile nyumba yangu iligeuka maonyesho. Majirani walipanga foleni. Mzee mmoja aliingia na fimbo, mfuniko ulipoinuka akautandika. Mama Kulwa, jirani yetu, alikaa humo mpaka watoto wakaanza kugonga mlango, akatoka anasema kiti kimemwondolea baridi yabisi. Kichwa changu kilivimba, nikawa natembea kama diwani.

Mama mkwe akafika. Akanisalimu kwa mbali, uso kaugeuzia upande kama inavyotakiwa. Nami nikainama, "Mwadila, mayu," yaani habari za mchana, mama. Akaulizia choo kwa binti yake, akaonyeshwa. Akauliza, "Na mkwe wangu anakwenda wapi?" Akaambiwa humo humo. Tangu hapo akawa anakula matonge mawili anasukuma sahani, na maji hagusi. Asubuhi na jioni anachukua mwavuli anakwenda kwa mama Kulwa, mwendo wa mashamba matatu.

Mimi nikanuna. Nikamwambia mke wangu kwamba mama yake anadharau kazi yangu. Mke wangu akasema mama yake hajadharau chochote, ana njaa na kiu kwa sababu yangu, na hatakaa hivyo hadi mtoto azaliwe. Sikusikia. Masikio ya mtu mwenye kiti kinachoimba hayasikii.

Siku ya tano ikashuka mvua ile ya kwetu, isiyopisha hata kuku. Nilikuwa kazini mjini, nikarudi mapema nimelowa chapachapa. Mke wangu alikuwa amelala. Mama mkwe, akijua sipo, na njia ya kwa mama Kulwa imekuwa mto, alikuwa ameshindwa kujizuia. Ameingia mle ndani.

Mimi nafika barazani nasikia ndege wanaimba. Nikatabasamu, nikajua leo raha imemfikia mke wangu. Mara ndege wakakatika, nikasikia maji yanapiga bati la juu, na sauti ya mama mkwe inaita majina ya marehemu wote wa ukoo wao.

Hapo mtu mwenye akili angetembea kimyakimya, akamwamshe mkewe. Mimi? Ufundi ulinipanda kichwani. Nikasimama nje ya mlango, nikapaza sauti ili nisikike juu ya mvua:

"Mayu, usinyanyuke! Bonyeza kitufe chenye picha ya makalio!"

Ndugu zangu! Nimelitamka neno hilo kwa mama mkwe wangu. Tena sikuliacha hapo. Kwa vile maji yalikuwa bado yanaruka, nikalirudia, nikaongeza kwamba ni kile cha kushoto, makalio yenye mistari mitatu. Mvua nayo ikachagua dakika hiyo kukatika, na barazani kwenye duka la ng'ambo ya barabara kulikuwa na watu sita waliokuwa wamejikinga.

Maji yakazima. Ndani kukawa kimya. Nje kukawa kimya. Ndipo akili yangu ikanirudia, nikakimbilia kwenye mahindi nikachuchumaa huko mpaka giza lilipoingia. Tangu siku hiyo Nemba nzima wananiita Bonyeza. Hata wateja wangu.

Asubuhi mama mkwe alifunga mzigo wake na wa binti yake. Hakunitukana. Alimwambia mke wangu, kwa sauti ya kunifikia nilipojificha, "Mwanangu hazalii kwenye nyumba isiyo na choo."

Nyumba isiyo na choo! Mimi, fundi bomba, mwenye kiti cha Kijapani! Lakini kwake yeye kweli choo hakikuwepo. Nilikuwa nimemwalika mtu kisha nikamnyima pa kujisitiri.

Wakaondoka wote wawili. Wiki tatu baadaye nikapigiwa simu kwamba nimepata binti, na kwamba ana mdomo mpana kama wangu. Nikalia, nikacheka, nikapakia kuku na sabuni niende. Baba mkwe akatuma ujumbe kwamba nisikanyage kwake mpaka mkewe awe na pa kwenda akija kwangu. Binti yangu alipewa jina mimi sipo. Sasa ana wiki sita, na sijawahi kumshika.

Nikang'oa maboga, nikachukua koleo. Vibarua walijitolea nikakataa, hili ni langu. Jana nikampigia mke wangu nikamwambia nachimba, nyuma ya migomba, na nyasi za kuezekea nimeshakata. Akasema mama anauliza shimo limefika wapi. Nikasema futi kumi na mbili. Nikamsikia mama mkwe kwa nyuma, sauti yake haina hasira hata chembe: "Mwambie aongeze tatu. Tunakuja Jumamosi."

Jamani nilirukaruka barabarani kama ndama! Mtu anaweza kukutukana, lakini ukiambiwa ongeza tatu, umesamehewa.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukiviona vyoo vya ajabu kwenye simu, vitamani, na uwezo ukiwepo nunua. Hata vya samaki. Lakini usiguse nyundo kabla hujajiuliza ni nani nyumbani kwako hawezi kukaa pale ulipokaa wewe. Mkeo akikuuliza mama yake atakwenda wapi, usicheke. Mjibu.

Mimi naishia hapa. Leo ni Alhamisi, na zimebaki futi mbili.