Mama anayemnolea viatu beki aliyemuumiza mwanawe

Ni asubuhi ya Julai na uwanja wa barafu wa Kivisalmi hauna barafu. Sakafu ni zege tupu, milango ya nyuma iko wazi, na jua la kiangazi limeingia mpaka katikati. Ndani ya chumba cha vifaa, Tuulikki Harjanne amepiga magoti mbele ya mwanaume mnene wa mabega, anamkaza kamba za kiatu cha barafu kilichotoka sasa hivi kwenye joko la kulainishia viatu vishike umbo la mguu.

"Sukuma kisigino nyuma," anamwambia bila kumtazama usoni. "Kinabana wapi?"

"Hapa kwenye kidole kidogo, mama."

"Mimi si mama yako. Kaa hivyo hivyo mpaka kipoe, usitingishike."

Mwanaume huyo ni Sampo Ojakangas, beki mpya wa Saukot, klabu ya magongo ya barafuni ya mji huu. Miaka minane iliyopita, akiwa na timu nyingine, alimgonga kichwani kwa bega mshambuliaji wa Saukot aliyekuwa ameinama kufuata kisahani cha mchezo. Mshambuliaji yule hakucheza tena. Ni mtoto wa Tuulikki, mtoto wake wa pekee.

Mwandishi wa makala haya alipoelezwa hivyo mara ya kwanza alidhani anataniwa. Hakuna aliyekuwa anatania.

Tuulikki ana miaka hamsini na tisa. Alikuwa fundi cherehani wa mahema, kiwanda kikafungwa, klabu ikamchukua ashone majina kwenye jezi. Baadaye akajifunza kunoa vyuma vya chini ya viatu vya barafu, na leo ndiye mtunza vifaa; hakuna kitu kinachoingia uwanjani ambacho hakijapita mikononi mwake.

"Watu wanadhani kiangazi tunalala," anasema. "Kiangazi ndiyo tunakonda. Wachezaji wanaondoka, wengine wanasajiliwa. Jina la mtu unalifumua kwa wembe, uzi mmoja mmoja, na mwenyewe ulikuwa umeshamzoea."

Saukot wana desturi yao. Mchezaji akisajiliwa, mtunza vifaa huambiwa kabla ya magazeti, maana viatu huchukua wiki nyingi kutengenezwa. Meneja huingia, anafunga mlango, anataja jina. Tuulikki hajawahi kuvujisha hata moja.

"Hata dada yangu simwambii. Anasoma gazetini, halafu ananinunia mwezi mzima."

Mwezi Mei meneja, Heimo Lindroos, alifunga mlango kama kawaida, ila safari hii alikuja na vipimo vya mguu tu.

"Beki. Mguu mkubwa, mpana huku mbele. Agiza viatu."

"Beki gani?"

"Utamjua."

"Heimo, mimi nashona majina. Sishoni mafumbo."

"Basi jina lishone mwisho kabisa," akajibu, akatoka haraka.

Tuulikki akadhani ni mgeni kutoka nje ambaye hawajamalizana naye. Akaagiza viatu, akaendelea na kazi.

Desturi ya pili ni ya wachezaji wenyewe. Mgeni haingii chumba cha kubadilishia nguo kabla hajapeleka maandazi ya iliki kwa mtunza vifaa na kunywa naye kahawa. Juni mlango ukagongwa, akaingia mtu na boksi la maandazi.

"Nilimjua kabla hajafungua mdomo," anasema Tuulikki. "Ile video ya ajali nimeitazama mara ngapi? Namjua mpaka masikio."

Kahawa yote ilimmwagikia kwenye jezi aliyokuwa anashona. Akakaa juu ya gunia la soksi. Mgeni alibaki amesimama na boksi lake, hajui aliweke au aondoke nalo.

"Naitwa Sampo," akasema.

"Najua unavyoitwa. Weka mezani, utoke."

Kutoka pale Tuulikki alikwenda moja kwa moja kwa meneja.

"Nchi nzima hii, Heimo, hukuona beki mwingine?"

Lindroos akafunga mlango. "Si mimi niliyemleta, Tuulikki. Kamuulize Oiva."

Oiva ndiye mwanawe. Yule yule aliyeumizwa. Baada ya ajali alikaa karibu miaka miwili chumbani na mapazia yamefungwa, maana mwanga ulimpasua kichwa, na mama yake akimlisha uji gizani kama mtoto mchanga. Alipopata nafuu, Saukot walimpa kazi ya kusaka vipaji: anazunguka viwanja vidogo, anatazama, anaiambia klabu imsajili nani.

"Nilihisi kama mtu kanizaba kofi," anasema Tuulikki. "Mtoto wangu mwenyewe. Yaani mwenyewe kabisa."

Alimkuta uani kwake anageuza soseji juu ya moto.

"Oiva, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Una akili timamu?"

"Nusu. Ile nyingine unajua ilipotelea wapi."

"Usinitanie mimi."

Oiva akaweka koleo chini. "Mama, msimu uliopita watu walikuwa wanapita mbele ya kipa wetu kama wako sokoni. Nimezunguka kila mahali. Kwa hela tuliyonayo, hakuna anayewasafisha pale mbele kama yeye."

"Alikusafisha na wewe."

"Ndiyo. Kwa hiyo kazi yake naijua."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa. Na mimi ningekusikiliza."

Tuulikki aliondoka bila kuaga. Wiki nzima hakupokea simu ya mwanawe. Alimwambia Lindroos atafute fundi mwingine, akaenda mpaka duka moja la mapazia kuulizia kazi, na wakamkubali.

Ojakangas naye anakiri kuwa Oiva alipompigia, alikata simu mara mbili akidhani kuna mtu anamfanyia mzaha mbaya. "Nilishamwomba msamaha hospitali, siku zile zile," anasema, akiutazama mguu wake ulio ndani ya kiatu cha moto. "Hakumbuki. Ikabidi nimwombe upya. Huyu mama bado sijathubutu. Ningekuwa yeye, sijui ningelifanyia nini hilo joko."

Tuulikki anasikia, anaendelea kupanga nyuzi.

Kilichomrudisha kutoka duka la mapazia ni jambo aliloambiwa na Lindroos alipokwenda kukabidhi funguo. Baadhi ya viongozi hawakumtaka Ojakangas, wakisema amezeeka. Oiva alisimama peke yake akamtetea, na mkataba wa Oiva mwenyewe ni wa mwaka mmoja. Beki akiboronga, msaka vipaji anaondoka naye. Na kijana ambaye hawezi kukaa mbele ya kompyuta zaidi ya saa moja hana kazi nyingi za kuchagua. Tuulikki akarudisha funguo mfukoni.

Sakafu itamwagiwa maji yagande kuwa barafu wiki ya kwanza ya Agosti. Alipoulizwa kama amemsamehe mchezaji huyo, alicheka kidogo.

"Hapana. Na usiandike kwamba nimesamehe, watakuja watu wa kanisa kunipongeza."

Mbona basi anamhudumia kwa uangalifu namna hii?

Anakichukua kiatu cha pili, anakigeuza, anapitisha ukucha kwenye chuma, upande mmoja, kisha wa pili. Haridhiki. Anakirudisha kwenye mashine, ananoa tena, anapitisha ukucha tena.

"Chuma kikiwa na makali upande mmoja tu, beki anaanguka akikata kona," anasema. "Na akianguka hakuna atakayesema Tuulikki kanoa vibaya. Watasema Oiva alichagua vibaya. Mkataba wa mwanangu unaisha Aprili. Mpaka hapo, huyu mtu haanguki."