Ukaguzi wa Maji Mdomoni

Juzi mke wangu alinikuta nimelala kifudifudi sebuleni, shavu limegusa sakafu, nakipiga picha kibasi cha boksi. Ameshanizoea. Akaniruka kama mtu anavyoruka dimbwi, akaendelea na safari yake ya jikoni, na huko nikamsikia akimwambia dada yake kwenye simu, "Yupo. Yuko chini anacheza."

Sichezi. Nipo kwenye kundi la simu la watu wanaounda magari madogo, watu wazima wenzangu wenye vitambi na familia. Kila mmoja anaweka picha ya alichounda, wengine wanatoa maoni. Hivyo ndivyo inavyosemwa, lakini maoni yenyewe hakuna. Nilituma kibasi changu, mlango wa mbele umepinda hata kuku angeuona, nikakaa kitako nikisubiri kurushiwa madongo. Zikaja "safi sana kaka", "umetisha", "huo mkono si wa kawaida", na vidole gumba vya kutosha kufungua duka. Mlango wangu ukabaki umepinda vilevile. Nikajisikia mpweke, rafiki yangu, kama mtu aliyegeuza shati ndani nje, akazunguka mji mzima, na kila anayekutana naye anamwambia amependeza.

Unajua, mimi nimepitia mikono mikali kweli.

Kwetu ni Kihonda, mjini, lakini likizo ndefu nilikuwa napelekwa kwa bibi, juu Uluguru, kwenye kijiji cha misheni ambako kengele ya kanisa ndiyo ilikuwa saa ya kila mtu. Asubuhi ukungu ulikuwa unaingia mpaka jikoni na bibi anaufukuza kwa moshi. Kazi yetu watoto ilikuwa kuosha karoti kwenye mfereji. Unazimwaga, unazikanyaga kwa miguu mpaka udongo utoke, na ukitoka humo huna uhakika kama vidole ulivyoingia navyo bado unavyo. Baada ya hapo tunakaa karibu na moto na magimbi ya kuchoma, chai ya mchaichai imekolea sukari, na bibi ananitania mbele ya watu kwamba mume wake wa mjini hajui hata kumenya gimbi. Mume wake ndiye mimi. Nilikuwa na meno mawili ya mbele yaliyokuwa bado yanaota.

Nyuma ya jiko la bibi kulikuwa na shamba la ngazi lililopumzishwa, na kwenye zile ngazi watoto wa pale walikuwa wamechonga barabara. Usifikirie mstari wa kuchora kwa kijiti. Ilikuwa na kona, mitaro pembeni, daraja la mabua, hata sehemu iliyobomolewa kwa makusudi ili ifanane na barabara ya kweli ya kushukia mjini. Magari tuliyaunda wenyewe: bodi za makopo ya mafuta ya kula, ekseli za spoku za baiskeli, magurudumu ya kandambili zilizokwisha, na usukani wa waya mrefu unaoushika ukiwa umesimama.

Ila hakuna gari lililogusa barabara ile kabla ya kukaguliwa. Jumamosi mchana, karoti zikishaoshwa, tunakaa kando ya mfereji. Mwenye gari analiweka juu ya jiwe, halafu anachota maji ya mfereji na kujaza mdomo. Ndiyo, mdomo. Muda wote wenzake wanapolichambua gari lake, yeye anabaki na maji mashavuni. Akimeza au akitema, amejibu. Na aliyejibu anabeba gari lake kurudi nyumbani mpaka Jumamosi nyingine. Akistahimili mpaka wamalize, na kasoro zenyewe si za kuua, gari linapewa barabara. Lisilopewa barabara haliitwi gari. Linaitwa boksi.

Yale maji yalitoka mlimani. Yalikuwa yanauma meno mpaka masikioni.

Aliyeongoza ukaguzi alikuwa binti wa jirani yake bibi, ametuzidi darasa moja na urefu wa kichwa. Tulimwita Mkaguzi, hata mama yake alifika mahali akamwita hivyo. Alikuwa na tabia ya kulichungulia gari kwa jicho moja, kwa utaratibu, kama anayetafuta mchwa kwenye nguzo. Mimi nilifika kwake na lori nililoliunda kwa siku nyingi barazani kwa bibi, na moyoni nilijua hawa watu wa milimani hawajaona kitu kama hiki.

"Hili limelewa," akasema.

Wakacheka. Nikakodoa macho. Kwangu lilisimama wima.

"Limeegemea kushoto. Umelijengea kwenye baraza la bibi yako, si ndiyo? Lile baraza lina mteremko. Ukilipeleka kule litasimama vizuri. Hapa duniani limelala."

Binamu yangu, ambaye ndiye aliyenikaribisha kwenye kikao na kunidhamini, akajikuna kichwa akaongeza, "Na huu mzigo ni wa wapi? Magunia yamefungwa midomo kama ya dukani. Halina lumbesa hata moja."

Lumbesa unaijua, lile gunia linalojazwa likajaa, kisha likavishwa kilemba cha wavu juu na kujazwa tena mpaka linakuwa refu kama mtu. Kule juu gunia lisilo na lumbesa lilionekana kama mgonjwa.

"Kwetu Kihonda magunia..." nikaanza, na maji yote yakaishia kifuani kwangu.

"Amejibu," Mkaguzi akasema, wala hakupandisha sauti. "Boksi."

Jumamosi ya pili nilirudi na lori lililonyooshwa na magunia yenye vilemba, niliyoyashona kwa kipande cha kanga kuukuu ya bibi na kuyajaza mchanga. Safari hii binamu akasema zile taa za mbele zinaangaliana kama mawifi waliogombana, na mimi, mjinga mimi, nikaangalia, nikaona ni kweli zinaangaliana hivyo hivyo. Maji yalitokea puani. Boksi.

Ikabaki Jumamosi moja tu. Kesho yake alfajiri ningeshuka mjini na lori la mboga, shule zinafunguliwa. Nisipopita siku hiyo, ningerudi Kihonda na kopo lenye magurudumu, na habari za barabara ile ningezisimulia kama mtu aliyesimuliwa. Hukuwahi kuwa mtoto kama unadhani hilo ni jambo dogo. Wiki nzima nilifanya mazoezi. Nilikuwa nafua nikiwa na maji mdomoni, nachambua njegere nikiwa na maji mdomoni, na bibi akawaambia majirani kwamba afadhali mjukuu wake sasa amekua, ametulia.

Siku ikafika. Nikaweka lori juu ya jiwe, nikajaza mdomo. Wakalichambua kona zote. Walisema bodi imekaa kama jeneza la kuku. Walisema dereva, kipande cha gunzi nilichokichora macho, anafanana na mimi na kwa hiyo lazima ataangusha gari. Sikutikisika. Machozi yalinitoka kwa baridi ya meno lakini sikutikisika. Mkaguzi alikuwa amebakiza tairi za nyuma tu. Alikuwa ameinama, jicho moja limefumbwa.

Ndipo bibi akatokea njiani, anatoka shamba, ndoo ya njegere kichwani.

"Shikamoo bibi," wakaimba wote.

"Marahaba wanangu." Kisha akasimama. Akanitazama. "Na wewe mume wangu? Leo hunijui?"

Sijui wewe umelelewa wapi, lakini kwa bibi yangu usingeweza kumpita mtu mzima bila shikamoo, hata kama unafukuzwa na nyuki. Nikainamisha kichwa sana, nikapiga magoti, nikaweka mikono kifuani, nikafanya kila ishara ya heshima ambayo mwili wa mtoto unaweza kuifanya bila mdomo.

"Anapiga magoti kama bibi harusi," akasema bibi. "Nimekuuliza, ulimi umeuacha wapi? Au ndiyo Kihonda hawasalimii?"

Nikamtazama Mkaguzi. Mkaguzi akatazama chini. Binamu akajitia kutafuta kitu kwenye nyasi. Bibi alikuwa amesimama pale na ile ndoo, anacheka kwa mdomo lakini macho yameanza kuumia kidogo, na yale macho ndiyo yaliyonimaliza.

Nikameza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu," akasema, akaridhika, akaenda zake. Hakujua hata kidogo alichonifanyia.

Kikao kikalipuka. Binamu akasema salamu si jibu, salamu ni adabu. Mwingine akasema maji yakishamezwa yamemezwa, hayaulizi yamemezwa kwa sababu gani. Mkaguzi akawaacha wapayuke mpaka wakachoka.

"Amemeza," akasema. "Mwenye gari amemeza. Nikilipitisha la huyu, Jumamosi ijayo kila mtu atakuja na bibi yake."

Hilo lilikuwa kweli, na ndiyo maana liliniuma zaidi. Nikaanza kuukunja ule waya wa usukani ili nilibebe lori. Sikulia. Nilikuwa nimejaa maji tu.

"Nigawie," Mkaguzi akasema.

"Nini?"

"Hilo lori. Nigawie. Liwe langu, mimi sijameza. Halafu nije nikae hapo kwako na maji, na wewe ukae kwangu."

"Anakutapeli," binamu akaninong'oneza, kwa sauti ambayo hata wa ng'ambo ya mfereji waliisikia. "Ukimpa halirudi."

"Halirudi," Mkaguzi akakubali. "Gari likigawiwa limegawiwa."

Nilisimama na ule waya mkononi. Nilikuwa nimeshapanga mahali pa kuliweka Kihonda, juu ya kabati, watoto wa mtaani kwetu waje walione. Mpaka leo napaona mahali pale. Lakini lingekaa pale kama boksi, na mimi ningejua. Nikamkabidhi waya mbele ya wote.

Akachota maji, akajaza mashavu, akakaa juu ya lile jiwe kama mtu anayesubiri kinyozi. Mimi nikaenda upande wake. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba hakuna aliyelijua lile lori kama mimi. Nikaanza polepole. Nikasema ekseli ya nyuma inacheza, kwa sababu tundu nililitoboa kwa msumari wa moto uliozidi unene, nikaliziba kwa ugali. Wakashtuka. Nikasema lile gunia la katikati halina mchanga, lina nyasi, mchanga ulinichosha kuchota. Nikasema lori halijanyooka, nimeweka kipande cha kizibo chini ya bodi ili lionekane limenyooka, na mkipita kwenye matuta kizibo kitachomoka. Kila nilipotaja moja, nilijisikia mwepesi kama ninayevua koti juani. Binamu alikuwa amekaa mdomo wazi. Mashavu ya Mkaguzi yalikuwa yanatetemeka, macho yamejaa, anacheka na mwili mzima isipokuwa mdomo. Hakutoa tone.

Nilipomaliza, akageuka pembeni, akatema, akajifuta kwa mkono.

"Limepita," akasema, kwa niaba ya kikao chote. "Ugali nitautoa."

Sheria nyingine ya pale: gari likipewa barabara, mwenye gari ndiye anayeliendesha safari ya kwanza, na wasio na magari wanatembea nyuma wakitoa sauti ya injini. Kwa hiyo Mkaguzi akashika waya, na mimi nikapewa kazi ya kuunguruma. Niliunguruma kona zote. Nilibadilisha gia kwenye mlima, nikapiga honi ya koo kwenye daraja la mabua, nikapumua breki za upepo pale palipobomolewa. Lori lilipanda na lumbesa zake, likayumba, kizibo kikachomoka kama nilivyosema, likalala kushoto kidogo, likaendelea hivyo hivyo na ulevi wake mpaka ngazi ya juu kabisa. Nilipofika sauti ilikuwa imenikauka. Bibi alidhani nimeshikwa na mafua, akanichemshia tangawizi.

Ile barabara haipo siku hizi. Msimu uliofuata shamba lilirudishiwa mazao, na jembe halina habari na daraja la mabua. Mfereji umewekewa bomba la plastiki, maji hayaonekani tena, unayasikia tu yakipita. Mkaguzi alipelekwa kwa shangazi yake Turiani kusoma, nami nikakua, nikapata mambo ya watu wakubwa, na bibi akapumzika pale juu, karibu na kanisa. Watoto niliowaona mwaka jana nilipopanda walikuwa wanacheza mpira, na walikuwa na kelele nzuri tu, sina ugomvi nao.

Lakini watu wa kukaa kimya na mashavu yaliyojaa, wakusubiri umalize kusema yote, hao nimewatafuta sana. Nimeunda vitu vingi tangu siku ile, vingine nikawapa watu, nao wakanishukuru bila kuviangalia. Lile lori ndilo pekee nililolitoa mkononi na kasoro zake zote zikatajwa, moja baada ya nyingine, kwa sauti yangu mwenyewe, na bado aliyelipokea akalitaka.