Nimebadilisha paste mara mbili, kumbe CPU inachemka kwa sababu ya gauni

Wakuu, salaam kutoka Katoro, Geita. Hiki kisa kimenitokea mwenyewe wiki iliyopita. Mkigundua nimeongeza chumvi hata punje, mods wafute uzi.

Mimi na-edit video za harusi. Elimu ni form four ya kubahatisha, ila ndoto yangu ni kutengeneza filamu (msicheke). Silaha yangu ni desktop moja ya mtumba.

Nimepanga kwa Mama Kulwa. Jirani yetu ni karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kwa hiyo vumbi tunalila kama mboga.

Mama akaihurumia desktop yangu, akaifumia gauni la uzi. La pinki, lina maua, linafunika CPU mpaka miguuni. Kiangazi kilipokolea akaongeza bitana.

Nilijisikia kama nimezaa.

Sasa tatizo. Mwanzo ku-render harusi moja, yaani mashine kuitoa video ikiwa kamili, ilikuwa lisaa limoja. Ikawa mawili. Ikawa matatu. Mwishowe mashine ikawa inazima katikati.

Na video iliyokuwa mezani ni harusi ya Kulwa mwenyewe, binti wa mama mwenye nyumba. Bibi yake yuko Ushetu, miguu imegoma, hakumuona mjukuu wake akiolewa. Mama anaondoka Jumamosi asubuhi kumpelekea flash. Nimeahidi kwa mdomo wangu huu huu.

Nikaweka program ya kusoma joto. Nyuzi 98!

Hapo processor inajipunguzia mwendo isiungue. Ni kama mchimbaji aliyekosa hewa duarani, kule chini ya shimo la dhahabu: hagomi, ila sururu inashuka taratibu.

Jumatatu nikapuliza vumbi kwa pampu ya fundi pikipiki. Udongo uliotoka, nilitamani niuoshe nione kama una dhahabu.

Bado 98.

Jumanne nikaibeba hadi Geita mjini kwa fundi Masele. Akasema paste ya juu ya processor, ile dawa ya kupitisha joto, imekauka, akapaka mpya. Tuka-render pale pale: nyuzi 64. Nikamkumbatia.

Nimerudi nyumbani: 98.

Jumatano tena kwa Masele. Paste nyingine. 64. Nyumbani 98.

Jirani yangu Juma akaniambia, "Dogo, hapo umerogwa, kuna mtu ana wivu na studio yako." Nikacheka. Halafu nikamwaga chumvi kona nne za meza. Ndio, nakiri.

Alhamisi Masele akanikazia macho. "Niambie unachofanya ukifika nyumbani. Kimoja kimoja."

"Naiweka mezani."

"Eeh."

"Nachomeka nyaya."

"Eeh."

"Naivalisha."

"Unaivalisha NINI?"

Wakuu, fundi alikaa chini. Alicheka mpaka wateja wakaja kuuliza kama anaumwa. Hewa ya moto ilikuwa inatoka nyuma, inagonga bitana, inarudi ndani.

Kazi ikawa kumwambia mama. Mtu amefuma wiki tatu!

Ijumaa asubuhi nikaivua kimya kimya, nikaanza ku-render. Mama akaingia na sahani ya viazi.

"Mbona umemuacha uchi?"

"Gauni limechafuka, mama. Nataka nilifue."

Njia ya mwongo ni fupi. Akaenda chumbani kwake, akarudi na gauni la pili, la kijani, alilonifichia kama surprise. Akaivalisha mwenyewe, akaifunga na kifungo.

Asilimia 30, mashine ikaanza kulia. Nikamfikiria yule bibi wa Ushetu anakodolea macho TV tupu.

"Mama, nisamehe. Inachemka kwa sababu ya nguo."

Akaigusa mashine kwa kiganja. Mimi machozi yako hapa.

"Wewe mtoto! Hata mtoto mchanga akishikwa na homa, cha kwanza si unamvua nguo? Wiki nzima unamzungusha kwa mafundi na sweta lake mwilini?"

Akaivua mwenyewe, akaipepea na khanga. Saa nane mchana video imekamilika, nyuzi 65.

Jumapili akapiga simu toka Ushetu. Bibi ameangalia mara tatu, na kila Kulwa akitokea anamuitikia marahaba.

Nilichojifunza: kabla ya kununua paste, itazame mashine yako kama mgeni anavyoitazama. Mimi lile gauni nilikuwa silioni tena, maana nilipewa kwa upendo.

Mama sasa anafuma jipya, lenye matundu kwenye feni. La pinki nimeligeuza foronya.

Haya, nani mwingine nyumbani kwake king'amuzi kimevaa? Semeni ukweli.