Bangili ya Buluu ya Mama

Natengeneza vito vya kioo hapa Gongoni, Tabora, na watu wananicheka. Naiga bangili za Waselti, watu wa kale wa Ulaya. Kila moja naichora kwenye kompyuta, mashine inaitoa kwa nta, naizungushia plasta ipate kalibu, nta naiyeyusha itoke, halafu najaza chupa zilizosagwa na kuchoma. "Waselti na Tabora wapi na wapi?" Hayawahusu! Mimi napenda.

Siku moja mama alichungulia kompyuta yangu akapiga ukelele. "Yalaa! Hii si ya mama yangu hii?" Ilikuwa bangili ya buluu yenye mawimbi meupe. Nikamwambia ni ya Wazungu wa kale. Akanijia juu: bibi alivaa kama hiyo kule Ntalikwa, aliirithi kwa wakubwa zake walioipata enzi za misafara ya pembe za ndovu, na ilipasuka akitwanga. "Nitengenezee, mwanangu. Niivae kabla sijafa." Nikamkemea asitaje kufa.

Akiwa amelala, nikampima kifundo cha mkono kwa uzi. Bangili za Waselti ni duara zima, hazina upenyo, nami nikafanya vilevile kwa fahari. Ikatoka tanuruni nzuri ajabu. Mpuuzi mimi! Bangili isiyo na upenyo hupimwa kwa ngumi, si kwa kifundo. Muuza bangili yeyote sokoni angeniambia.

Tukapaka sabuni, tukapaka mafuta ya karanga. Wapi! Ikagoma kwenye vifundo vya vidole, vilivyovimba kwa kulima tumbaku Urambo. "Umempimia bibi harusi gani?" akanitania, lakini machozi yalimlengalenga. Nikaahidi kumtengenezea kubwa zaidi. Hii hakukubali kuiachia, akaiweka chini ya mto.

Ile kubwa ilipasuka tanuruni umeme ulipokatika. Kabla sijaanza tena, maradhi yakamlaza. Chakula kikamshinda, akakonda mpaka nikaogopa kumgeuza.

Asubuhi moja akaitoa ile bangili. "Nivalishe."

Nikataka kwenda kuchukua sabuni. Haikuhitajika. Iliingia yenyewe, ikapita kifundo, ikateremka mpaka kwenye kiwiko.

"Umeona?" alisema, uso umemchangamka. "Imenienea."

"Imekuenea, mama."

Nikatoka uani nikalia kwa kwikwi. Jamani, nilivyoiombea iingie! Sasa ningetoa chochote igome tena.