Chomba wa Roue Libre

Siku hizi motokari zinapita mbele ya nyumba yangu bila sauti, na mimi niliyezoea kumtambua kila mtu kwa injini yake simjui tena anayepita. Zamani hapa mtaani Hewa Bora niliweza kulala kitandani nikasema: huyu ni daktari, huyu ni padri, lile ni lori la unga. Na ile inayokohoa kidogo kileleni, halafu inanyamaza kabisa kwenye mteremko, huyo ni Chomba.

Chomba alizaliwa Sakania, baba yake akitengeneza reli. Alipofika Lubumbashi aliajiriwa na kampani ya shaba, akapewa lori. Mimi nilikuwa karani katika depo ya malori ya kampani hiyohiyo, niliyejifunza Kifaransa kwenye magazeti waliyofungia samaki. Wakati huo dereva alikuwa mtu. Alivaa kofia, viatu vyake viling'aa, na alipopita mtaani wanawake waliacha kutwanga ili wamwangalie.

Halafu kampani ikaanza kuanguka. Mishahara ilichelewa, kisha ikasahauliwa, na mazuti, yale mafuta ya dizeli, ikagawiwa kwa kopo kama dawa. Malori yalilala njiani, madereva wakirudi kwa miguu wamebeba betri begani ili isiibwe. Lori la Chomba halikulala hata mara moja. Alipopanda kilima alikanyaga kwa nguvu, na mara alipofika juu alitoa gia, akazima injini, akaliacha lori liteleze kwa uzito wake hadi bondeni na hata ng'ambo ya bonde. Hiyo ndiyo roue libre, gurudumu huru. Wengine walijaribu, wakaogopa. Yeye alijua kila mteremko wa nchi hii na mahali pa kuwasha tena. Mkuu wa depo alituita sote uani tumtazame, akasema mtu huyu anaendesha kwa hewa. Tangu siku hiyo aliitwa Chomba wa Roue Libre, na jina hilo alilivaa kama ile kofia.

Kampani ilipotuaga, alinunua motokari, Carina nyeupe. Akampata Mama Claudine, mfanyabiashara ambaye baba yake alitoka Kasai, yeye mwenyewe akazaliwa hapahapa. Kila juma Chomba alimpeleka Sakania kuchukua sabuni, mafuta ya kupikia na vitenge kutoka upande wa Zambia. Miaka ilipita hivyo. Kiti kile cha dereva ndicho kilichomlisha Chomba na mke wake Nkandu, maana watoto wao walikwenda Kolwezi na Kitwe na simu zao zilikuwa adimu. Lakini si chakula tu. Kila juma, mtu mmoja aliyejua thamani ya dereva alipanda nyuma na kusema, twende.

Ndipo akaja Paluku.

Paluku alikuwa mtu wa Butembo, mwenye biashara ya usafiri, aliyekimbia vita vya kwao akiwa na mke, Biblia na akiba kidogo. Alileta motokari kutoka bandari ya Dar es Salaam, hybride, inayotumia esansi, yaani petroli, na umeme pamoja. Siku Chomba alipoiona mara ya kwanza, ilisimama mbele yake njia panda ya sokoni na injini ikazimika. Chomba alishuka kwenye Carina kwa moyo mwema kabisa, akawaita vijana, akaweka mikono yake kwenye buti, akaamuru, "Sukumeni." Motokari ikaondoka yenyewe chini ya viganja vyao, bila sauti, na Paluku akatoa mkono dirishani kushukuru. Chomba akabaki ameinama, amesukuma hewa. Soko zima lilicheka. Nadhani ni pale kitu kilipoingia moyoni mwake, na hakikutoka.

Alianza kuhesabu kila kitu cha Paluku. Kwamba hapigi honi. Kwamba anapuliza matairi yakawa magumu kama mawe. Kwamba hafungi kitu juu ya paa, na kwamba akiona lori mbele analiachia nafasi kubwa, kama mtu anayeogopa mbwa. Kwamba anaanza kugusa breki mbali sana, polepole, kama bibi anayeshuka ngazi. "Ile haiko kuendesha," aliniambia. "Ile iko kubembeleza." Jumapili moja Nkandu alirudi kutoka kanisani ndani ya motokari hiyo, akasema mle ndani hata kwaya inaweza kuimba na watu wakasikiana. Chomba hakula jioni ile.

Hata mimi nilimwonea wivu Paluku, nisidanganye. Nilimwona kila jioni anafuta vumbi kwenye motokari yake, amepiga magoti, na nikajiuliza kwa nini watu waliopoteza nyumba kwao wanakuja kupata nyumba kwetu, na sisi tuliozaliwa na shaba chini ya miguu tunazeeka na mikono mitupu.

Mwaka Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi, kila kitu kilitikisika hadi huku kwetu. Benki za kule zilifungwa, bei za huku zikaruka, na esansi ikapotea kwenye pompi. Ikabaki ya kadhafi, wale vijana wanaouza kwa chupa kando ya barabara, na katika chupa zao hujui nini ni esansi na nini ni maji. Carina ilikunywa kuliko zamani, ikazidiwa. Chomba aliposhindwa kwenda juma moja, Mama Claudine alikwenda na Paluku. Walirudi, na sindano ya esansi ilikuwa haijafika robo ya mwisho.

Chomba alimfuata Mama Claudine dukani kwake. Nilikuwapo, nimekaa juu ya gunia. Alisema ni motokari inayofanya kazi, si yule muntu. Alisema hawa bakuyakuya, watu wa kuja, wanakuja na kuchukua kila kitu.

Mama Claudine alikuwa akikunja kitenge. Hakuinua macho.

"Hata miye bananiitaka kuyakuya, Papa Chomba. Na ulinibeba miaka yote."

"Weye uko wetu."

"Juma iliyopita miye nilikuwa wenu. Ukikasirika nitakuwa wa Kasai." Watu dukani wakacheka, naye akaendelea kwa upole kidogo. "Sikiliza. Nitanunua motoka kama ile. Itahitaji shofere mumoya. Unasema iko motoka, haiko muntu? Muzuri. Paluku ataniazimisha yake. Utanipeleka Sakania na esansi ileile Paluku alitumia. Ukinirudisha, kiti iko yako."

Chomba alivuta pumzi ndefu. "Unipe ile motoka, nitafika mpaka Ndola na esansi ya mu kifuniko."

Paluku alikubali kwa urahisi uliomuudhi Chomba zaidi. Siku hiyo hakuihitaji motokari, alisema, maana dada yake Émerance, aliyekimbia Goma, angefika kwa basi la Kalemie na angependa kumngojea pale kituoni. Asubuhi ya safari alimwonyesha Chomba kile kifimbo kidogo cha gia, akamweleza kitu kimoja tu.

"Papa Chomba, usitoe hapo kwa D. Hata kwa kushuka. Achia mguu mapema, gusa freni polepole. Pale njo inajilisha betri."

"Miye nilianza kushuka milima baba yako akingali anatambaa," Chomba akamjibu.

Paluku akacheka kwa heshima, akainamisha kichwa. "Njo vile, Papa."

Nami nilipanda nyuma ili nikamtembelee ndugu yangu Sakania. Mama Claudine alikaa mbele. Chomba alivaa koti lake la zamani, na ingawa kofia ya kampani ilikuwa imeliwa na nondo, aliivaa vilevile. Ufunguo haukuwapo wa kuzungusha, ila kitufe. Hilo lilimchukiza. Alisema motokari isiyo na ufunguo ni kama nyumba isiyo na mlango.

Barabara ya Kasumbalesa ilijaa malori yaliyobeba shaba. Kwenye mpando wa kwanza Chomba alikanyaga kama alivyokanyaga enzi za depo, tukaruka juu, injini ikilia kwa mara ya kwanza kama injini ya kweli, naye akatabasamu. Kileleni akasogeza kifimbo kwenye N, pasipo gia. Motokari ikateleza. Ilikuwa nzuri, sitakataa. Malori yalibaki nyuma, upepo ukaimba mlangoni, na Chomba akashika usukani kwa vidole viwili, mgongo umenyooka. Nilimwona tena kijana wa zamani aliyeendesha kwa hewa.

Kisha motokari ikapiga kengele, na maneno yakatokea kwenye kioo mbele yake. Yalikuwa ya Kijapani. Motokari hizi hutuandikia sisi kama zinavyowaandikia wenye nazo wa kwanza, na sisi tunazizoea kama tunavyozoea jirani asiyejua Kiswahili.

"Inasema nini?" akauliza Mama Claudine.

"Inashukuru," akasema Chomba.

Alifanya vile kila mteremko, na kila mteremko kengele ililia. Sikujua wakati ule, nilikuja kuelezwa baadaye na Paluku: katika N motokari hiyo haichukui chochote kwenye mteremko. Katika D, ikishuka, magurudumu yanazungusha mashine na betri inajaa, na umeme ule unaipandisha mpando unaofuata. Mtu anayeteleza kwa N anaangalia chakula kinapita dirishani. Ujuzi uleule uliookoa lori letu wakati wa njaa ya mazuti ndio ulioinyima motokari hii chakula.

Tulipofika Sakania picha ya betri ilikuwa imebaki kijiti kimoja. Chomba aliona, akashuka kufungua buti. Wakati wanapakia sabuni nilimwambia labda ajaribu kama Paluku alivyosema, njia ya kurudi ni ndefu. Aliniangalia kama nimemtukania mama yake.

"Gérard, ukinifundisha na weye, nitabaki na nani?"

Nikabeba sanduku la sabuni.

Kurudi, injini haikupumzika. Ililia hata mahali pa tambarare, na sindano ilishuka waziwazi mbele ya macho ya Mama Claudine, ambaye aliacha kuzungumza baada ya Kasumbalesa. Taa ya esansi iliwaka. Chupa za kadhafi hazikuonekana popote. Kwenye mteremko wa mwisho, mji ukiwa tayari unaonekana na moshi wake, Chomba akaweka N tena, na ile roue libre ilikuwa ndefu kuliko zote alizowahi kufanya. Tuliteleza tukapita miti, tukapita wauza makaa, tukapunguza, tukapunguza, akiinama mbele kana kwamba kifua chake kingeongeza hatua. Ikasimama. Hakukuwa na kitu cha kuwasha.

Mama Claudine alimpigia Paluku simu. Alikuja na taksi ya jirani, amebeba bidoni, dumu la esansi, na dada yake Émerance alikuwa pamoja naye, maana basi lilikuwa limefika naye hakutaka kumwacha peke yake kituoni. Mwanamke yule alikuwa amepita Burundi na Ziwa Tanganyika, na mkononi alikuwa na sufuria moja iliyofungwa kwa kitambaa. Alitusalimia wote, mmoja mmoja, akamwita Chomba baba.

Paluku alimimina esansi, akatazama kioo, akaona kifimbo kwenye N. Alikirudisha kwenye P kimyakimya. Hakucheka, na nina hakika Chomba angempenda zaidi kama angecheka. Baadaye njiani, tukiwa wawili nyuma ya taksi ya jirani, Mama Claudine amebaki na mizigo yake kwenye motokari ya Paluku, nilifikiri Chomba anatafuna aibu ya esansi. Kumbe alikuwa akitazama kupitia kioo ile motokari mbele yetu, Paluku na dada yake wakizungumza, vichwa vyao vimesogeleana.

"Yeye, hata vita ikimufukuza," alisema, "iko muntu anamufuata."

Juma lililofuata Mama Claudine mwenyewe alikuja nyumbani kwa Chomba, hakutuma mtu. Alimletea Nkandu sabuni na mafuta. Alisema kiti kimekwenda kwa Paluku, na kwamba ikiwa Papa Chomba atapenda kufundishwa, Paluku yuko tayari, motokari mbili zitahitajika siku moja. Chomba alimshukuru kwa maneno mazuri ya zamani. Mama Claudine alipoondoka, Chomba akaitoa Carina uani, akaipeleka kwa mtu anayenunua vyuma.

Siku hizi analima Kasungami, pembeni mwa mji, kwenye kipande alichokinunua enzi za mshahara. Anakwenda kwa baiskeli nzito, jembe limefungwa nyuma, na anarudi na mahindi au mihogo. Juzi nilikwenda kumpokea chini ya mteremko unaoingia mtaani. Nikamwona juu kabisa, akasimamisha miguu, akaitoa kwenye pedali na kuinyoosha pembeni, akaachia. Alishuka vile, mgongo umenyooka, kofia ile kichwani.

Nyuma yake ilikuja motokari ya Paluku. Chomba hakuisikia, maana haina sauti. Paluku hakupiga honi. Aliachia mguu, akaja polepole nyuma ya baiskeli umbali wa heshima, na wakashuka hivyo wawili kwa mwendo mmoja, mmoja hapigi pedali, mwingine anajaza betri yake, mlima mzima ukiwa kimya. Kwa muda mfupi sikumwonea wivu hata mmoja wao. Baadaye niliwaonea wivu wote wawili.

Penye tambarare baiskeli ilichoka. Paluku akasogea kando, akampita, akainua mkono. Chomba akafika kwangu anatweta, ameridhika kuliko nilivyomwona tangu mwaka ule.

"Umeona?" akaniambia. "Ili anipite alikula esansi."

Nilikuwa nimesimama karibu. Nilijua injini haikuwaka.

"Nimeona," nikasema, nikamshikia baiskeli.