Watoto Weusi Kwenye Kunde za Mama

Mwanangu, leo asubuhi mjukuu wangu alinifungulia kitabu chake cha picha za wadudu, na siku moja ya zamani huku kijijini Chanzuru ikanirudia. Ukurasa mmoja una mdudu kibibi, yule wa mviringo, mwekundu, mwenye madoa meusi, ambaye watoto wote humpenda. Ukurasa unaofuata una mtoto wake: mrefu, mweusi, ana vijimiiba mgongoni. Nilipomwona huyo, nikamwomba mjukuu afunge kitabu.

Nilikuwa mke kijana. Mama yangu alikuwa amefariki, ameniachia mbegu ya kunde aliyoitunza miaka yote kwenye kibuyu. Niliipanda yote, sikubakiza hata punje, ndio ujana. Kunde zilipoanza kutoa maua nikawakuta hao weusi wametapakaa kwenye majani. Nikawaponda kwa vidole, mmoja mmoja, na kwa hasira.

Mama Kulwa, jirani yetu aliyehamia na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa, alikuwa anapita na ndoo ya maji kichwani.

"Dada, hao usiwaue," akasema. "Ni watoto wa wale wekundu. Wanakula wadudu mafuta, hawa wadogo wanaofyonza shina."

"Nyie watu wa ng'ombe ndio mtanifundisha kunde?" nikamjibu.

Akaenda zake na ndoo yake. Hazikupita wiki nyingi, wadudu mafuta wakajaa mpaka kwenye vikonyo, maua yakapukutika, nami sikuvuna kitu.

Msimu ulipoisha, Mama Kulwa alikuja na kibakuli cha mbegu. Ilikuwa ile ile ya mama; kumbe mama alimgawia alipokuwa bado mgeni. Niliona aibu. Nikamwambia sina haja nayo, akarudi nayo kwake. Mwaka uliofuata wakahama na mifugo yao, na kunde zile sijazila tena. Mpaka leo inaniuma, wala sijui nimtafute wapi nimwombe radhi.

Basi, mwanangu, mdudu usiyemjua usimponde kabla ya kuuliza. Mtu akikuonya, sikiliza anachosema, usiangalie alikotoka. Na ukikosea, kisha ukaletewa kibakuli mlangoni, kipokee kwa mikono miwili, useme nisamehe. Mungu akujalie jirani kama Mama Kulwa, na akupe moyo wa kumjua angali karibu.