Mtoto Kwenye Mabua ya Ngano

Sifa ni kwa Mungu aliyeniamsha leo, ingawa usiku usingizi ulinikimbia.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, enzi za mashamba ya ngano ya serikali huku Hanang. Kombaini, ile mashine ya kuvunia, ikishapita, sisi wanawake wa kijiji cha Gendabi tulifuata nyuma kuokota masuke yaliyoanguka, na watoto wachanga tukawalaza juu ya mabua. Mwili ulikuwa ukiniuma kila mahali tangu masika. Kila usiku nililala, lakini niliamka kama mtu aliyetwangwa, na kichwa kimejaa ukungu. Sikumwambia mtu. Mke kijana akilalamika huitwa mvivu.

Nilimlaza Paulo wangu, nikaendelea kuokota. Nilipoinua macho, kombaini ilikuwa inakatiza mabuani kwenda kumwaga ngano kwenye lori. Sikukumbuka nimemlaza wapi. Shamba lote lilikuwa sura moja.

Mama mkwe aliuona uso wangu. Akasimama mbele ya mashine akipunga kanga na kupaza sauti kwamba kuna mtoto mabuani.

"Mnazaa, halafu mnasahau mlipoweka, kama jembe," dereva akafoka.

"Zima mashine kwanza, baba. Utatutukana baadaye," mama mkwe akamjibu.

Akazima. Tulimkuta Paulo amelala, gurudumu liko karibu naye. Mama mkwe alimfunga mgongoni kwake, akaniuliza, "Macho yako yamechoka. Tangu lini hupati usingizi?"

"Tangu masika, mama."

"Na ukanyamaza. Wavivu nawajua, huu si uvivu. Ungesema, ningembeba mimi."

Miaka mingi baadaye daktari aliniambia maumivu yale na ukungu ule wa kichwani ni ugonjwa unaoitwa faibromayalgia. Hakuniponya. Maumivu ninayo hadi leo.

Basi sikia, mwanangu, kama nawe umepewa mzigo huu. Amka saa ile ile kila siku, hata baada ya usiku mbaya. Mchana usilale sana, na jioni acha chai kali. Tembea kidogo kidogo. Fanya kazi moja kwanza, na ukiweka kitu, taja kwa sauti ulipokiweka. Siku kichwa kikijaa ukungu usibaki peke yako na moto wala mtoto. Dawa za usingizi usinunue kwa kubahatisha, nenda hospitali. Sali, lakini sala isiwe sababu ya kuwaficha watu maumivu yako. Kuna siku haya yote hayatasaidia, utalia tu. Lia, halafu mwambie mtu.

Mungu akupe usingizi unaopumzisha, wewe unayesoma. Na asipokupa leo, akupe mtu wa kukaa nawe mpaka kupambazuke.